Kanuni za Uganga katika Ulimwengu wa Mizimu: Mchezo wa Mezani na Funzo Lake kwa Mwalimu

Walimu wengi wakisikia neno "mchezo" hufikiri juu ya mpira, mbio za magunia au nyimbo za watoto wa madarasa ya chini. Makala haya yanahusu mchezo wa namna nyingine, unaochezwa na vijana na watu wazima wakiwa wameizunguka meza, wakitumia karatasi, penseli, dadu na, zaidi ya vyote, maneno. Kila mchezaji hujitwalia mhusika mmoja, akamsemea na kumwamulia la kutenda. Mmoja wao hana mhusika wake. Yeye huueleza ulimwengu ambamo wahusika hao wanatembea, huwasemea watu wote wanaokutana nao njiani, na huamua matokeo ya kila tendo. Katika vijitabu vya kwanza vya mchezo huu mtu huyo aliitwa mwamuzi, nami nitalitumia jina hilo.

Jambo ninalotaka kulijadili ni dogo kwa sura. Wachezaji wa michezo hii hawaridhiki na kanuni zilizochapwa kitabuni. Kila meza hujiwekea za kwake, kama vile wacheza karata wanavyokubaliana kabla ya kugawa. Tuziite kanuni za mezani. Haja ya kuzitunga huonekana hasa pale wahusika wanapoiacha ardhi ya kawaida na kuingia katika ulimwengu wa mizimu. Huko mwamuzi huulizwa: je, uganga tuliouzoea duniani unafanya kazi vilevile? Nadai kwamba jibu analolitoa, na namna anavyolitoa, lina mengi ya kumfundisha mtu anayejiandaa kusimama mbele ya darasa.

Kabla sijaendelea, neno lenyewe linahitaji kuangaliwa. Kiingereza kina neno moja kwa nguvu zote zisizo za kawaida, ziwe za kuponya, za kudhuru au za kustaajabisha watu uwanjani. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Sisi tunao uganga, tunao uchawi, tunayo mazingaombwe na kiinimacho, na mtu anayeitwa mchawi badala ya mganga hachukulii kuwa ni kosa la msamiati. Nimechagua "uganga" kwa sababu katika michezo ninayoizungumzia nguvu hizo hujifunzwa, zina masharti, na hutumiwa mbele ya wenzi. Wanachuo wangu walipoanza kwa kuuita "uchawi", wawili kati yao walisita hata kuishika dadu. Tulipolibadili neno, walicheza.

Sasa historia kwa ufupi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku. Vijitabu hivyo viliacha mapengo mengi, na waandishi wenyewe waliwahimiza wachezaji kuyajaza kwa akili zao. Wachezaji walitii. Katika California, Steve Perrin alitunga kanuni zake za mezani kuurekebisha mchezo huo, nazo zikagawiwa mwaka 1976 katika mkutano wa wachezaji. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, Perrin na wenzake walitoa mchezo kamili, RuneQuest, uliochapishwa na kampuni ya Chaosium na kuwekwa katika ulimwengu wa kubuni wa Glorantha alioutunga Greg Stafford. Yaani mtu aliyeanza kwa kusahihisha kanuni za wengine aliishia kuandika za kwake zikasomwa na wengine. Gygax naye alikuwa amegeuka kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1970: aliyewaalika watu kubuni sasa alitaka mchezo wake uchezwe kwa kanuni zilezile kila mahali. Wakaguzi na waandishi wa mihtasari wataelewa vyema kilichomsibu.

Turudi kwenye ulimwengu wa mizimu. Kwa nini pawe mahali pa hatari kwa mwamuzi? Kwa sababu hakuna mchezaji aliyewahi kufika. Mwamuzi akisema kwamba jiwe lililorushwa juu limeanguka chini, kila mtu mezani ana uzoefu wa kumpinga au kumwunga mkono. Akisema kwamba katika nchi ya wafu maneno ya kuponya hugeuka sumu, nani atambishia? Anayo nafasi ya kusema lolote, wakati wowote, na kujilinda kwa sentensi moja: "Kule mambo ni tofauti." Mwalimu wa darasa la kwanza anayo nafasi hiyohiyo kila asubuhi. Kwa mtoto wa miaka saba, hesabu ya kutoa kwa kuazima ni nchi ya mizimu, na mwalimu ndiye peke yake aliyewahi kufika na kurudi.

Michezo niliyoitaja imejaribu kulitatua jambo hili kwa njia mbalimbali, na si zote zinazonipendeza.

Katika Dungeons & Dragons mhusika anaweza kuuacha mwili wake umelala na kusafiri kwa nafsi katika anga linalounganisha malimwengu. Nafsi hiyo hufungwa na mwili kwa uzi wa fedha. Uzi ukikatika, mtu amekufa huku na huko. Kanuni nzima ni hiyo. Mwaka 1981 kilitoka kitabu cha viumbe cha mchezo huo kilichowaeleza viumbe waitwao githyanki, wakaao katika anga hilo, ambao wakubwa wao hubeba panga za fedha zenye uwezo wa kuukata uzi. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mchezaji anayeijua kanuni ya uzi anapoelezwa mara ya kwanza kwamba upanga umepita hewani nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo hapana mwili wa kujeruhiwa. Hahitaji kuambiwa aogope. Anajiambia mwenyewe. Hofu yake imetokana na kanuni anayoijua na hitimisho alilolifikia kwa akili yake.

Linganisha na njia ya pili. Mwaka 1987 mchezo huohuo ulitolewa kitabu kizima juu ya malimwengu mengine, Manual of the Planes, kilichoandikwa na Jeff Grubb. Ni kazi ya bidii kubwa. Kinaeleza, ulimwengu baada ya ulimwengu, ni aina zipi za uganga zinazofifia, zinazobadilika na zinazokoma kabisa. Sehemu yake moja naipenda: katika ulimwengu ambao wote ni maji, uganga wa moto haufanyi kazi. Hapo hata mtoto angekisia. Lakini kuna vifungu vingi ambavyo hakuna awezaye kuvikisia, kwa sababu havina sababu inayoonekana kwa mchezaji. Ni lazima uvisome na kuvikariri, au umsubiri mwamuzi afunue ukurasa. Mchezaji aliyekariri vifungu hamsini hana uwezo wa kukisia cha hamsini na moja. Amejaa, lakini hakufundishwa. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ya mwamuzi mwenye kuamua ovyo ni kitabu kinene zaidi.

Njia ya tatu ni ya RuneQuest, nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika mchezo huo kila mtu, si waganga wakubwa tu, anacho kipimo cha nguvu ya roho kinachoandikwa kwa tarakimu, na mizimu nayo inacho. Uganga wa kawaida hulipiwa kwa pointi za nguvu hiyo, ambazo hurudi polepole kwa muda wa siku nzima. Mtu akikabiliana na mzimu, nguvu hupimwa kwa nguvu: zikilingana, nafasi ya kushinda ni asilimia 50; kwa kila pointi ya tofauti nafasi huongezeka au hupungua kwa asilimia 5. Mwenye nguvu 12 akikabili mzimu wenye 14 ana nafasi ya asilimia 40. Mwenye 15 mbele ya mzimu wenye 10 ana asilimia 75. Tofauti ikiwa 9 dhidi yako, umebakiwa na asilimia 5 na dua. Kila unaposhindwa nguvu yako hupungua, hivyo nafasi inayofuata ni mbaya kuliko iliyopita. Ukiishiwa kabisa, mzimu unakuingia na kuutawala mwili wako. Mganga anayejua kuingia katika ulimwengu wa mizimu huuacha mwili wake nyuma chini ya ulinzi wa mzimu mwenza wake.

Mtu aliyekulia pwani hatauona mpango huu kuwa mgeni sana. Yule ambaye pepo hupanda kichwani mwake huitwa kiti, na mganga hazungumzi na pepo kwa amri tupu: kuna kuulizana jina, kuna madai, kuna mapatano, kuna kutoa kilichoahidiwa. Sisemi kwamba mambo ya watu ya kuheshimiwa yafanywe mchezo, wala sidai kwamba Wamarekani hao walitoka kwetu. Nasema tu kwamba fikra ya bei inayojulikana kabla ya huduma si ngeni kwa wasomaji wa jarida hili.

Mwaka jana niliuendesha mchezo wa namna hii kwa kikundi cha wanachuo saba, saa za jioni, nikiwa na nia ya kuutumia katika somo la mbinu za kufundishia. Tulitumia mfumo wa nguvu dhidi ya nguvu nilioueleza, tukaacha mengine mengi. Baada ya vikao vitatu nilimkabidhi mwanachuo mmoja kazi ya uamuzi. Alikuwa hodari wa kusimulia. Sauti yake ilijaza chumba. Wahusika walipovuka kuingia ulimwengu wa mizimu kumtafuta mtoto aliyepotea, mchezaji mmoja alitumia uganga wa nuru ambao ulikuwa umewaokoa mara mbili duniani. Mwamuzi akasema papo hapo kwamba nuru huko huwaita mizimu wabaya, na kwamba wanane wamekwisha fika. Wenzake wakapigana, wakashinda kwa shida. Yule mchezaji hakuutumia uganga wowote tena jioni ile. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kila mara: "Nasubiri." Na kufikia kikao kilichofuata walikuwa wakisubiri watu wanne.

Naomba tulitazame neno hilo, kwa sababu kila mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha amekwisha kuliona likiandikwa kwenye nyuso za wanafunzi wa dawati la nyuma. Mchezaji yule hakuwa mvivu wala hakukasirika. Alikuwa amefikia hitimisho sahihi kabisa kutokana na ushahidi aliokuwa nao: mahali ambapo tendo jema la jana linaadhibiwa leo bila dalili, aliye na akili hatendi. Adhabu yenyewe haikuwa kubwa, wala nuru kuwaita mizimu si wazo baya. Ni wazo zuri mno. Ubaya ulikuwa kwamba kanuni ilizaliwa baada ya tendo.

Tuliacha kucheza kwa jioni moja, tukaandika kanuni zetu za mezani. Ubishi ulikuwa mkali kuliko semina yoyote niliyowahi kuiongoza chuoni. Kanuni ya kwanza haikuchukua muda: uganga wowote katika ulimwengu wa mizimu una bei, na bei hutajwa kabla mchezaji hajasema "nafanya". Kwa kuwa huko hakuna usiku wala usingizi, tuliamua kwamba pointi za nguvu hazirudi zenyewe. Hupatikana kwa kupatana na mzimu, nao hudai kitu ambacho mhusika anacho kweli, kama kumbukumbu ya sauti ya mama yake, au jina la kijiji chake. Mwanachuo aliyelipendekeza hilo la kumbukumbu ni wa somo la hisabati. Tokea hapo wachezaji walianza kuhesabu kwa uchungu, wakiuliza kama kuvuka mto kunastahili kuisahau sauti ya mama.

Kanuni ya pili ilitugharimu saa nzima. Ilisema kwamba uganga ukibadilika tabia katika ulimwengu ule, lazima iwepo dalili ambayo mchezaji makini angeweza kuiona kabla. Kama nuru huwaita mizimu, basi wahusika wapite kwanza kwenye kiota cha wadudu waliokufa kuizunguka taa ya kale, au wamkute mzee aliyefumba macho ya wajukuu wake. Waliopinga walisema kwamba hivyo ni kumtafunia mchezaji. Waliounga mkono wakajibu kwamba dalili si jibu. Nililazimika kunyamaza, jambo gumu kwa mkufunzi. Hatimaye walikubaliana kwamba dalili moja yatosha, na mwamuzi hana wajibu wa kuirudia kwa asiyesikiliza.

Ya tatu ilihusu daftari. Kila uamuzi mpya huandikwa humo, nao humfunga mwamuzi mwenyewe. Anaweza kuubadili, lakini baina ya vikao na mbele ya wote, kamwe si katikati ya tendo. Mwanachuo yule hodari wa kusimulia aliipinga hadi mwisho, akakubali kwa kushindwa kura.

Hoja yake isipuuzwe, maana nimeisikia pia kwa walimu wazoefu. Alisema kwamba ulimwengu wa mizimu ukishaandikwa daftarini umekufa. Siri ndiyo uhai wake, na mwamuzi aliyefungwa mikono hawezi kumshangaza mtu. Nadhani anachanganya mambo mawili: kutojulikana kwa sheria na kutokuwapo kwa sheria. Mwanafunzi anayeweka msumari ndani ya maji hajui kwa nini utapata kutu, lakini msumari wa kesho hautapata kutu kwa sababu nyingine ili kumkomoa. Siri ya msumari inavuta kwa sababu inaweza kufumbuliwa. Katika kikundi chetu, mshangao uliongezeka baada ya daftari. Kikao cha sita, mchezaji mmoja alisoma kanuni mbili zilizoandikwa majuma tofauti, akaona kwamba zikiunganishwa, mhusika aliyekwisha kuuza jina lake hawezi kuitwa na mzimu wowote kwa jina. Akaliuza jina kwa makusudi, akapita mlango ambao mwamuzi aliuona haupitiki. Mwamuzi alilisoma daftari mara mbili, akacheka, akaufungua mlango. Aliyeshangazwa safari hii ni yeye.

Ndipo ninapoona tofauti kati ya maigizo tunayowafundisha wanachuo na mchezo huu. Katika maigizo ya darasani mwalimu huwa anajua mwisho: mkulima mvivu atajuta, mgonjwa atakwenda zahanati. Wanafunzi wanajua kwamba mwalimu anajua, wakatafuta mwisho anaoutaka. Hiyo si mbinu shirikishi hata kama kila mtoto amepewa sentensi ya kusema. Penye kanuni zinazomfunga mwalimu pia, mtoto anaweza kumfikisha mwalimu mahali asipopatarajia, na mwalimu akalazimika kuheshimu. Wenzangu wengine wataona kwamba huko ni kuyavua madaraka yetu. Labda. Lakini mwanachuo huyu tunayemfundisha leo atapelekwa kwenye darasa la watoto themanini ambamo hapana daftari linalomfunga, wala wa kumpigia kura. Mahali pa kuizoea mikono iliyofungwa ni chuoni.

Kuhusu utekelezaji sina mengi. Vikundi visizidi watu saba. Kwa darasa zima mchezo haufai, na sijaona njia ya kuufanya ufae isipokuwa kuligawa darasa na kuwaandaa waamuzi mapema. Pasipo dadu za nyuso kumi, vipande vya karatasi vyenye tarakimu 0 hadi 9 ndani ya kikombe hutosha: vuta kimoja cha makumi, kirudishe, vuta cha mamoja. Watoto wa darasa la tano huielewa asilimia kwa njia hii upesi kuliko kwa mifano ya faida na hasara.

Liko suala la wazazi na viongozi wa dini, nalo si la kudharauliwa. Huko Marekani penyewe, katika miaka ya 1980, michezo hii ilishutumiwa vikali na makundi ya wazazi na ya dini yaliyoihusisha na ushetani. Kwetu, ambako mizimu si hadithi ya kubuni kwa kila familia, na ambako wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, mwalimu asithubutu kuuingiza mchezo huu shuleni kimyakimya. Awaeleze wakubwa wake na wazazi, na wakikataa akubali. Kanuni tatu nilizozieleza hazihitaji mizimu. Mwanachuo mmoja aliyepangiwa mazoezi katika shule ambayo mwalimu mkuu hakutaka kusikia habari hizo aliubadili ulimwengu wa mizimu kuwa sakafu ya bahari. Uganga ukawa vifaa vya mzamiaji, mizimu ikawa pweza na papa, na bei ikalipwa kwa pumzi: kila mtoto alipewa pumzi ishirini zilizochorwa karatasini, akawa anazifuta moja moja kwa kifutio kila anapouliza, anapobeba au anapowasha taa.